Roboti za kupeleka mizigo zikiingia Dodoma, trafiki atamsimamisha nani? Tuandike sheria kabla hazijafika

MkaziWaKisasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Naleta hoja ambayo wengine wataiona ya mbali. Kwangu muda wake ni sasa, na mahali pa kuijadili ni hapa Dodoma, maana Bunge liko hapa na wizara zote zinazoguswa na jambo hili zimepangana pale Mtumba, mji wa Serikali.

Kuna vyombo vidogo visivyo na dereva vinavyopeleka chakula na vifurushi hadi mlangoni kwa mteja. Vinavyojulikana zaidi ni vya Starship, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ahti Heinla na Janus Friis, watu walioshiriki kuanzisha Skype. Ni boksi lenye kifuniko, magurudumu sita, kamera pande zote, na mwendo usiozidi kilomita 6 kwa saa. Milton Keynes, Uingereza, vinatembea mitaani tangu 2018. Chuo Kikuu cha George Mason kule Virginia kilianza navyo Januari 2019. Hivyo vidogo hupita njia ya waenda kwa miguu. Vipo pia vikubwa vinavyoingia barabarani pamoja na magari. Nuro walipewa ruhusa na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani mwezi Februari 2020 kutumia gari lao la R2 bila vioo vya pembeni na bila kioo cha mbele, kwa kuwa ndani hakuna mtu wa kuvitazamia. Hilo lilikuwa linafika maili 25 kwa saa, yaani kama kilomita 40.

Msinijibu kwamba Dodoma hatuhusiki. Agosti 2017 ilitangazwa kwamba Tanzania ingetumia ndege zisizo na rubani za Zipline kupeleka damu na dawa hospitalini, na kituo cha kwanza kilichotajwa kilikuwa Dodoma. Mji mpya wenye barabara pana, ofisi nyingi na watumishi wanaoagiza chakula cha mchana unavutia watu wa biashara hii. Siku wakija watakuja na mkataba mkononi, na sisi tutakuwa bado tunaulizana inasimamiwa na wizara ipi.

Sasa tuje kwenye sheria. Barabara zetu zinaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Ukiisoma, karibu kila wajibu umebebeshwa mtu anayeendesha. Yeye ndiye mwenye leseni. Yeye ndiye anayepaswa kusimama akipigwa mkono na askari. Ikitokea ajali, yeye ndiye anayepaswa kusimama, kutaja jina lake, kusaidia majeruhi na kutoa taarifa polisi. Mtoe huyo mtu kwenye picha, halafu uone vifungu vingapi vinabaki vinaning'inia.

Chukua mama anayekaanga mihogo kando ya njia pale Majengo. Roboti ya kilo thelathini na kitu inakwepa pikipiki, inagonga jiko, mafuta ya moto yanamwagika miguuni kwake. Watu wanajaa. Trafiki anafika. Anamwandikia nani? Mwenye mgahawa aliyetuma chakula? Mteja aliyeagiza? Kampuni iliyotengeneza chombo, ambayo pengine haina hata ofisi Tanzania? Kijana aliyekuwa akiitazama kwenye kioo cha kompyuta?

Huyo kijana ndiye anayeninyima usingizi, na nitaeleza kwa nini.

Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lililokuwa linajiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku na baiskeli yake. Ndani kulikuwa na mfanyakazi aliyewekwa kulisimamia gari. Mwaka uliofuata mwendesha mashtaka alisema haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Aliyeshtakiwa ni yule mfanyakazi, na mwaka 2023 alikiri kosa akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu chini ya uangalizi. Sisemi hakuwa na kosa. Lakini programu ilitengenezwa na kampuni, mfumo wa breki za dharura uliokuja na gari ulizimwa na kampuni ili usigongane na programu yake, na ratiba ya majaribio ilipangwa na kampuni. Jinai ikaishia kwa aliyekaa kwenye kiti.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza la sheria yetu liwe: nani anajibu? Uzito, mwendo na rangi ya taa vifuate baadaye.

Wenzetu wengi walianza na uzito. Virginia, jimbo la kwanza Marekani kuwa na sheria ya vyombo hivi, mwaka 2017 iliweka kikomo cha pauni 50 bila mzigo, kama kilo 23, na mwendo wa maili 10 kwa saa. Pennsylvania mwaka 2020 ikaruhusu pauni 550 bila mzigo, karibu kilo 250, maili 12 kwa saa kwenye njia za miguu na 25 barabarani. Ndani ya miaka mitatu tumetoka kwenye kitu cha kubebwa na mtu mmoja hadi kitu cha kukuvunja kiuno. Na kampuni zenyewe zilikuwa mstari wa mbele kushawishi sheria hizo. Estonia waliruhusu Juni 2017. San Francisco, Desemba 2017, waliweka vizuizi vikali: vyombo vitatu kwa kampuni, tisa kwa jiji zima, mwendo wa maili 3 kwa saa, na binadamu asiwe mbali zaidi ya futi 30. Toronto, Desemba 2021, walizuia kabisa kwenye njia za miguu.

Mimi sitaki tuzuie. Sitaki pia tuache tu. Nataka mwenye faida ndiye awe mwenye kesi. Karibuni.

---

Boda_Changombe

Mkuu nimesoma yote. Mimi ni bodaboda, na siku hizi kazi yangu kubwa ni vifurushi vya watu wa mtandaoni.

Nikuambie kitu, hilo unaloliogopa kwa roboti sisi tunaishi nalo. Niliwahi kugongwa na gari dogo nikiwa na mzigo wa kampuni moja ya kuagizia kwa simu, sitaitaja. Kidole cha mguu kilivunjika, chakula kikamwagika. Nilipopiga simu niliulizwa kwanza kuhusu chakula. Baadaye nikaambiwa mimi si mfanyakazi wao, najitegemea, kwa hiyo matibabu ni juu yangu. Na thamani ya ule mzigo ilikatwa kwenye malipo yangu.

Kwa hiyo kama mtu mwenye damu anaweza kukanwa hivyo, boksi litakanwa mara ngapi?

Halafu kuna la ajira. Mimi nalipia leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), leseni ya udereva, bima ndogo, kofia mbili, na trafiki akinikuta sina kimoja ananiandikia. Hiyo mashine italipia nini? Ikipita bure itatuua sokoni kabla hata haijatugonga barabarani.

---

MkaziWaKisasa

Kaka pole sana. Naomba kila mtu kwenye uzi huu asome hapo alipoandika kwamba waliuliza chakula kwanza.

Kuhusu ajira sitakudanganya kwamba sheria ya barabarani inaweza kuzuia mashine isishindane na mtu. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha gharama haiko upande mmoja. Bodaboda zilijaa mijini kwanza, kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zikaja mwaka 2010. Katikati hapo vijana waliendesha bila mafunzo, bila kofia, bila bima, na wodi za mifupa zikabeba matokeo. Tumeshaona gharama ya kuacha chombo kitangulie sheria. Sioni sababu ya kuilipa mara ya pili.

Kibali cha roboti kiwe na ada, bima na ukaguzi kama wako. Kama mtaji wake unategemea kukwepa hivyo vitu, basi hiyo biashara haikuwa nafuu, gharama yake ilikuwa inalipwa na mtu mwingine.

---

Wakili_AreaC

Ndugu mwanzisha uzi, hoja nzuri, ila nikusogeze kidogo upande wa sheria.

Si kweli kwamba roboti ikiingia leo inakuta uwanja mtupu. Sura ya 168 inatafsiri chombo cha moto kwa upana. Kitu kinachojiendesha kwa nguvu ya mashine na kilichotengenezwa kutumika barabarani kinaangukia humo. Maana yake, chombo kisichosajiliwa, kisicho na namba wala bima chini ya Sura ya 169 (sheria ya bima ya vyombo vya moto), tayari kiko barabarani kinyume cha sheria. Na mahakama zetu zinatumia kanuni za sheria ya kawaida ya Kiingereza tulizozipokea kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Mama wa Majengo anaweza kufungua kesi ya madai ya uzembe. Anaweza hata kujaribu hoja ya Rylands v Fletcher, kwamba aliyeleta kitu cha hatari na kikatoka mikononi mwake anawajibika, ingawa kwa mtazamo wangu hapo atapata upinzani mkubwa.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulitaka kila chombo kinachotembea kiwe na dereva. Ilibidi uongezewe kifungu kuhusu magari yanayojiendesha, kilichoanza kutumika Julai 2022. Na Uingereza, pamoja na maendeleo yote, bado ina Sheria ya Barabara Kuu ya 1835 inayokataza kuendesha chombo kwenye njia ya miguu. Roboti za Milton Keynes zinatembea kwa maelewano na halmashauri kuliko kwa sheria iliyonyooka.

---

MkaziWaKisasa

Wakili, asante, na hapo ndipo ninapopataka. Unachoonyesha ni kwamba leo zimekatazwa bila mtu kuamua kuzikataza. Hali hiyo ni mbaya kuliko zote. Kampuni yenye ujasiri itaingia na barua ya ofisi fulani, itaita majaribio, na askari wa barabarani akiwaona atasita kwa sababu kuna barua.

Na hiyo kesi ya uzembe, tuiangalie ilivyo. Mama muuza mihogo atathibitishaje uzembe ndani ya programu? Atamlipa mtaalamu gani kufungua kumbukumbu za kompyuta zilizohifadhiwa nje ya nchi? Dereva wa daladala akikosea, abiria wanaona, kondakta anaona, alama za matairi ziko kwenye lami. Uzembe wa programu hauna shahidi pale Majengo. Kwa hiyo sheria imwondolee mzigo wa kuthibitisha. Chombo kimemdhuru, kibali ni cha fulani, fulani alipe. Kama fulani anaona kosa ni la aliyetengeneza kamera au betri, hiyo ni vita yake na msambazaji wake, baada ya mama kutibiwa.

Uingereza hawakuishia kwenye sheria ya 1835. Sheria yao ya Magari Yanayojiendesha ya 2024 inataka pawe na taasisi iliyoidhinishwa inayobeba dhamana ya namna gari linavyojiendesha, na aliyekaa ndani akalindwa asishtakiwe kwa makosa ya uendeshaji ambayo si yake. Ujerumani mwaka 2021 waliamua gari lisilo na dereva litumike kwenye eneo lililoidhinishwa tu, na pawe na msimamizi wa kiufundi, binadamu, anayeweza kulizima. Japani, tangu 1 Aprili 2023, vyombo vidogo vinavyoongozwa kwa mbali vinaruhusiwa njia ya miguu kwa kilomita 6 kwa saa, visizidi urefu wa sentimita 120, upana 70 na kimo 120, na mwendeshaji lazima atoe taarifa mapema kwa tume ya usalama wa umma ya mkoa husika. Kote huko kuna jina la mtu kwenye karatasi kabla gurudumu halijagusa barabara.

---

KitiMwendo

Jamani mimi natumia kiti mwendo. Mnaongea barabara na mahakama, tuongee kwanza njia ya miguu.

Chukueni safari ya kutoka Sabasaba kuelekea Majengo. Njia ya miguu inaanza vizuri, vitofali vimepangwa. Mbele kidogo kuna pikipiki zimepaki zimeangaliana. Ukizipita unakuta meza ya nyanya. Ukiizunguka, kifuniko cha mtaro hakipo, na pengo ni la upana wa gurudumu langu la mbele kabisa. Hapo nashuka barabarani na kupita na magari hadi nitakapopata mteremko mwingine wa kupandia. Mteremko huo ukizibwa na chochote, mimi nabaki barabarani.

Oktoba 2019 kule Pittsburgh hilo lilitokea kweli. Mwanafunzi wa kiti mwendo alikuwa anavuka barabara, taa zinakaribia kubadilika, roboti imesimama kwenye mteremko anaopaswa kupandia. Ilikuwa inasubiri kuvuka. Chuo chake kikasitisha majaribio kwa muda. Roboti ilikuwa imefuata programu yake vizuri kabisa, ila hakuna aliyeifundisha kwamba pale si mahali pa kusubiri.

Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Naomba iandikwe waziwazi: chombo kisisimame kwenye mteremko wala kwenye kivuko, hata sekunde moja, na kikikutana na mtu kwenye sehemu nyembamba kirudi nyuma chenyewe. Binadamu asirudi nyuma kupisha pilau.

---

MkaziWaKisasa

Dada au kaka, sijui, nakushukuru sana. Hili ningeliandika mimi nisingelifikisha ulivyolifikisha. Naliingiza kama lilivyo.

Na niongeze: kibali kisitolewe kwa njia ambayo mtu wa kiti mwendo hawezi kupita. Njia iliyo nyembamba kwa binadamu isipewe mashine. Kampuni ikiitaka hiyo njia, ishirikiane na TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na jiji kufunika mitaro na kujenga miteremko kwanza. Hapo angalau mji umepata kitu.

---

MwanaCIVE

Wakubwa shikamooni. Mimi nasoma pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), mambo ya kompyuta. Niseme machache ya kiufundi kwa sababu naona sheria nyingi huandikwa kama vile chombo kinaona kama mtu.

Mashine hizi hujifunza kwa picha. Imefundishwa kwa picha za wapi? Kama ni za mitaa ya Ulaya na Marekani, haijawahi kukutana na kundi la mbuzi linalovuka bila mchungaji, mkokoteni wenye madumu ya maji unaokuja upande usio wake, wala korongo lililokatiza njia baada ya mvua ya usiku mmoja. Halafu kuna vumbi. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane na wa tisa, vumbi jekundu likishaganda kwenye kioo cha kamera, chombo kinaona ukungu. Kwa hiyo majaribio ya wiki mbili mwezi wa sita yasikubalike. Kijaribiwe kiangazi na masika.

La pili, mtandao. Nyingi zinapokwama huomba msaada kwa binadamu aliye mbali. Roboti za Kiwibot pale Berkeley, California, zilikuwa zinaelekezwa na vijana waliokaa Colombia. Sasa mtandao ukikatika roboti ikiwa katikati ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, inafanya nini? Sheria iseme: ijiondoe njiani yenyewe au isiruhusiwe kuvuka barabara hiyo kabisa.

La tatu, betri. Berkeley hukohuko, Desemba 2018, moja iliwaka moto njiani kwa sababu ya betri mbovu. Kikosi cha zimamoto kiwe na maelekezo ya kila aina ya chombo kilichopewa kibali.

Kwa maoni yangu tuanzie UDOM. Barabara ni pana, magari machache, na kutoka kitivo hadi kitivo ni mwendo mrefu. Chuo kiachiwe kijiwekee utaratibu wake.

---

MkaziWaKisasa

Marahaba mdogo wangu. Umesema mambo mazito.

UDOM kuwa eneo la kwanza nakubali, na Mtumba liwe la pili. Chuo kujiwekea utaratibu wake sikubali. Wanafunzi ni maelfu, wapo wasioona, wapo akina mama wanaoingia na chakula, wapo bodaboda wanaoingia na kutoka siku nzima. Hao hawakusaini chochote na kampuni. Usalama wao uwe chini ya kanuni za nchi, chuo kiongeze tu ya kwake.

Hilo la vijana wa Colombia linarudi kwa yule kijana wangu. Mwongozaji akiwa nje ya nchi, polisi wa Dodoma hawamfikii na hati ya mahakama haimfikii. Na kwa malipo madogo anayopata, hata akifikiwa hana cha kumlipa mtu. Nataka kanuni zidai kituo cha uongozaji kiwe ndani ya Tanzania, chenye ajira za Watanzania, na pawe na mtu wa kufika eneo la tukio kwa muda uliotajwa kwenye kibali. Boda_Changombe, hapo wenzako wanaojua kila kichochoro cha Chang'ombe na Chamwino wana nafasi.

Kuna jambo hatujaligusa: kamera. Chombo kinapita mlangoni kwako mara nne kwa siku kinarekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na tume yake ipo. Mkusanyaji lazima asajiliwe, na kusafirisha taarifa nje kuna masharti. Kule Los Angeles iliripotiwa mwaka 2023 kwamba kampuni ya roboti za chakula iliwapa polisi picha zilizotumika kwenye kesi ya watu waliojaribu kuiiba roboti. Wizi ni wizi, ila tujue kwamba kinacholeta chipsi ni kamera inayotembea. Picha za nyuso na mageti ya watu zifutwe haraka; za ajali zitunzwe hadi shauri liishe, na mlalamikaji apewe nakala bila kulipia.

---

MamaNkuhungu

Nyie mnaota. Kwetu lami inaishia njia kuu, ukiingia ndani ni mchanga. Hiyo roboti itafika? Na watoto wa mtaani kwangu wataipanda kama punda. Sheria itamfunga mtoto wa miaka saba?

---

MkaziWaKisasa

Mama, shikamoo. Kwenye mchanga haitafika, na kibali kitataja barabara kwa barabara, kwa hiyo Nkuhungu ya ndani haitaguswa mwanzoni. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 iliweka namba kwenye nyumba na majina kwenye mitaa, kwa hiyo njia zinaweza kutajwa kwa jina, mtu akasoma na kujua kama ni mtaani kwake.

Mtoto asifungwe wala mzazi asitozwe. Aliyeleta chombo chenye magurudumu mtaani kwenye watoto alijua kuna watoto. Hiyo ni hasara yake ya kawaida ya biashara.

---

Wakili_AreaC

Nimefuatilia. Naona hatuhitaji kusubiri sheria mpya kabisa. Waziri wa Mambo ya Ndani ana mamlaka ya kutunga kanuni chini ya Sura ya 168. Kanuni zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na jiji linaweza kuongeza sheria ndogo za njia za miguu na maegesho. LATRA watoe leseni ya usafirishaji, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) wasimamie masafa na huduma za vifurushi, lakini polisi wa usalama barabarani wawe mlango mmoja wa malalamiko. Vinginevyo mlalamikaji atazungushwa Mtumba nzima, huku anaambiwa nenda jengo lile.

Na ziandikwe kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya 2021 hiyo ndiyo lugha ya sheria zetu, tusirudi nyuma kwa kisingizio cha teknolojia.

Kwa swali lako la nani anajibu, rasimu yangu ni hii, ipondeni:

"Mwenye kibali atawajibika kwa kifo, jeraha au uharibifu wowote uliosababishwa na chombo kinachotumika chini ya kibali chake, na mdhurika hatalazimika kuthibitisha uzembe. Mwenye kibali hataachiliwa kwa sababu kwamba chombo kilikuwa kikiongozwa na mtu mwingine, kilitengenezwa na mtu mwingine, au kwamba mtu aliyekiongoza si mwajiriwa wake. Mwenye kibali atalipa gharama za matibabu ya awali ndani ya siku saba tangu tukio liripotiwe polisi, bila kuathiri haki yake ya kudai fidia kwa mtu mwingine yeyote."

---

MkaziWaKisasa

Wakili, hapo kwenye "si mwajiriwa wake" umeziba tundu ambalo kaka yetu wa Chang'ombe aliangukia. Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa naitafuta tangu nianze uzi.

Mpango wangu: tukusanye maoni haya kwenye waraka mmoja, tuupeleke Mambo ya Ndani, nakala kwa TAMISEMI na kwa kamati ya Bunge inayohusika. KitiMwendo aandike sehemu ya njia za miguu kwa maneno yake mwenyewe. MwanaCIVE aandike ya majaribio na kumbukumbu za chombo. Mwenye nyongeza aweke hapa kabla sijaanza kuunganisha.

---

Boda_Changombe

Nyongeza yangu ni moja, Wakili tafadhali iweke chini ya hicho kifungu chako: mwenye kibali haruhusiwi kukata mshahara au malipo ya anayeongoza chombo, au anayekifuata kwa pikipiki, ili kufidia mzigo ulioharibika au chombo kilichovunjika.

---

Wakili_AreaC

Imeingia, kifungu kidogo cha nne. Nimeongeza na faini.